Kiima Kilichofichwa: Lugha ya Matangazo ya Krimu na Rangi ya Mwanamke katika Afrika ya Mashariki

Utangulizi

Wahakiki wa Kiswahili wamezoea kuyachukulia matangazo ya biashara kuwa ni maandishi yasiyostahili uhakiki. Shairi huchambuliwa, riwaya hupimwa fani na maudhui yake, hata methali ya maneno manne huandikiwa kurasa kumi. Lakini tangazo la mafuta ya ngozi, ambalo husomwa na kusikiwa na watu wengi kuliko diwani yoyote, hupita bila ya kuulizwa swali. Sababu haziko mbali. Tangazo halina mtunzi anayejulikana, halidumu, na limetungwa kwa ajili ya fedha. Hata hivyo sababu hizo hizo ndizo zinazolifanya lihitaji kuhakikiwa. Maandishi yasiyo na mtunzi anayejulikana hayana wa kuulizwa, na maandishi yasiyodumu hurudiwa kila siku mpaka yakawa sehemu ya lugha ya watu wasiokumbuka waliyatoa wapi.

Makala haya yanachunguza aina moja tu ya matangazo, nayo ni yale ya krimu na mafuta yanayodaiwa kumpa mwanamke rangi ya kung'ara. Hoja yake ni ya kisarufi kabla ya kuwa ya kimaadili. Katika sentensi za tangazo, krimu ndiyo inayotenda. Katika sentensi za mtaani, mwanamke ndiye anayejitenda mwenyewe. Katika sentensi za sheria, kemikali ndiyo inayodhuru. Mwenye kutengeneza na kuuza ni nadra kuwa kiima cha sentensi yoyote kati ya hizo. Kufichwa huku kwa kiima si jambo dogo la mtindo, kwa sababu kumesaidia kuyafanya mapambano ya zaidi ya nusu karne yawaangukie wanawake na kuwapita wenye biashara.

Sarufi ya tangazo

Ichukuliwe sentensi ya kawaida ya aina hii, iliyotungwa hapa kwa mfano tu: "Krimu hii hung'arisha ngozi yako na kuondoa madoa meusi." Kiima ni krimu. Kitenzi cha kwanza kimo katika kauli ya kutendesha: ng'ara, ng'arisha. Yambwa ni ngozi. Mwanamke anayezungumziwa hayumo katika sentensi ila kama kimilikishi, yako. Yaani yumo kwa kuwa ndiye mwenye ngozi. Msomaji akivikusanya vitenzi vinavyopendwa na matangazo haya, kama vile kung'arisha, kulainisha, kusafisha, kurutubisha na kupendezesha, ataona kwamba vyote ni vya kauli hiyo hiyo. Kauli ya kutendesha hudai kuwe na mtendeshaji na mtendeshwa. Tangazo limempa mtendeshaji chupa, na mtendeshwa uso wa mtu.

Kitenzi cha pili, ondoa, nacho kina hila yake. Doa ni kitu kilichoingia mahali pasipo pake: doa la mafuta kwenye kanzu, doa la wino kwenye karatasi. Kuondoa doa ni kukirudisha kitu katika hali yake. Lakini doa linalotajwa hapa ni jeusi, na ngozi inayozungumziwa nayo ni nyeusi. Je, mpaka kati ya doa na uso uko wapi? Tangazo haliuchori. Msomaji mwenye chunusi moja shavuni huanza na doa na huishia kwenye uso mzima, kwa kuwa sifa iliyolifanya doa kuwa kasoro, yaani weusi wake, ndiyo sifa ya uso wenyewe.

Neno lenye nguvu kuliko yote ni takata. Maana yake ya asili ni kuwa safi, na kauli yake ya kutendesha, takasa, imezoeleka misikitini na makanisani. Katika mazungumzo ya kila siku, kusema kwamba fulani ametakata ni kusema pia kwamba rangi yake imefunguka, imekuwa nyeupe zaidi au imeng'aa kwa afya njema. Maana hizi mbili zikikaa chini ya paa moja, hitimisho hujileta lenyewe: kama weupe ni usafi, basi weusi ni uchafu. Tangazo halina haja ya kulitamka jambo hilo. Lingelitamka, watu wangelikasirikia na huenda lingepigwa marufuku. Lugha imekwisha kulisema kwa niaba yake, na mwenye tangazo anaweza kuapa, tena kwa haki, kwamba hakutukana mtu.

Haitakuwa uadilifu kudai kwamba matangazo yaliikuta lugha ikiwa haina hatia. Kiswahili kilikuwa tayari na moyo mweupe kwa maana ya moyo usio na kinyongo, na kilikuwa na kweupe kwa maana ya mahali pa wazi pasipo hila. Neno uzuri lenyewe hubeba wema na sura kwa pamoja, hata mtu akiambiwa hana uzuri hajui kama kilichokosekana ni pua au ni tabia. Kwa upande mwingine lugha hiyo hiyo ilikuwa na akiba nyingine. Ilikuwa na maji ya kunde, jina la rangi lililotolewa katika chakula cha kila siku, lisilo sifa wala kashfa. Ilikuwa na onyo la kwamba uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Tangazo liliingia ghalani, likachagua mbegu zilizolifaa, likaziacha nyingine.

Neno urembo nalo limesafirishwa kwa namna hiyo. Asili ya urembo ni pambo: kipini, kikuku, nakshi ya mlango. Mrembo ni aliyerembwa. Pambo huvaliwa na huvuliwa, na aliye chini ya pambo hubaki alivyo. Siku hizi mrembo ni sifa ya mwili wenyewe, na malkia wa urembo hupimwa kimo na kiuno. Neno limehama kutoka kwenye kitu kinachovaliwa hadi kwa anayekivaa, na kwa kuhama huko mwili umekuwa kitu cha kununuliwa sehemu zake, kama vile zamani kilivyonunuliwa kipini.

Somo, mama na tangazo

Huenda ikadaiwa kwamba hapana jipya katika hayo, kwa kuwa wanawake wa pwani walijipamba kwa karne nyingi kabla ya gazeti la kwanza kupigwa chapa. Dai hilo ni la kweli, na linastahili kujibiwa kwa uangalifu. Bibi arusi wa Lamu, wa Mombasa au wa Unguja alisingwa kwa singo, akapakwa liwa na dalia, akatiwa hina na wanja, akafukizwa udi. Mwana Kupona, katika utendi alioutunga mwaka 1858 kwa ajili ya binti yake, hakuona haya kumweleza namna ya kujipamba na kunukia mbele ya mumewe. Utendi huo umelaumiwa na baadhi ya wahakiki kwa kumweka mwanamke chini ya mwanamume, na lawama hiyo ina msingi. Wala pwani haikuwa mahali ambapo rangi zote zilipewa heshima sawa. Jamii iliyogawanya watu kuwa waungwana na watumwa ilijua kuisoma ngozi, na dhana ya kwamba nasaba ya ng'ambo ya bahari ni bora iliwaumiza wengi.

Lakini zipo tofauti mbili. Ya kwanza ni kwamba mapambo hayo mengi huongezwa juu ya ngozi na huondoka yenyewe. Hina hufifia, wanja huoshwa, moshi wa udi hutoka nguoni. Hata singo, ambayo hukusudiwa kuifanya ngozi iwe nyororo, haiingii ndani yake kuizuia isitengeneze rangi. Tofauti ya pili ndiyo kubwa zaidi kwa hoja ya makala haya: msemaji anajulikana. Katika utendi, anayesema ni mama mgonjwa, na anayeambiwa ni mwanawe. Katika unyago, anayefundisha ni kungwi au somo, mwanamke wa mtaa ule ule, ambaye atakuwapo siku ya arusi na baada yake. Shauri lake likileta madhara, mwari anajua mlango wa kubisha hodi.

Hata kejeli ilikuwa na mwenyewe. Siti binti Saad, mwimbaji wa Zanzibar ambaye maisha yake yalisimuliwa na Shaaban Robert, alidharauliwa kwa nyimbo zilizomcheka kwa asili yake na kwa sura yake. Aliyekejeliwa kwa wimbo alikuwa na njia ya kujibu kwa wimbo, na Siti alijibu. Mwaka 1928 sauti yake ilirekodiwa Bombay, ikauzwa kwa santuri katika pwani nzima, na wasikilizaji wengi waliipenda bila ya kuwahi kuiona sura hiyo iliyochekwa. Tangazo la krimu limekalia kiti cha somo bila ya kuchukua wajibu wake. Humwita msomaji "wewe", kwa ukaribu ambao mgeni hana ruhusa nao, humpa shauri juu ya mwili wake, kisha halina mlango wa kubishwa hodi.

Shabaha iliyokosewa

Katika miaka ya 1960 krimu kama Ambi zilitangazwa sana katika magazeti na majarida ya picha ya Kiafrika, likiwamo Drum. Picha zake zilihusisha rangi iliyofunguka na maisha ya mjini: kazi ya ofisini, nguo za kisasa, mchumba mwenye mshahara. Wakati huo ndio nchi za Afrika ya Mashariki zilikuwa zimetoka kupata uhuru, na swali la utamaduni wa taifa lilikuwa mdomoni mwa kila mwanasiasa. Mtu angetazamia kwamba hasira ya uhuru ingeyaelekea makampuni. Haikuwa hivyo.

Mwezi wa Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, iliyokusudiwa kuanza tarehe 1 Januari 1969. Yaliyopigwa vita ni sketi fupi, nywele za bandia, krimu za kujichubua na suruali za kubana. Hata kabla ya tarehe hiyo kufika, baadhi ya vijana waliwavamia wanawake katika mitaa ya Dar es Salaam, Kariakoo ikiwa mojawapo. Magazeti yalijaa barua za wasomaji, wengine wakiunga mkono na wengine wakiuliza kwa nini utamaduni wa taifa ulindwe kwa kumvua mwanamke nguo njiani. Orodha hiyo ya vitu vinne inafaa kutazamwa kwa jicho la mwanasarufi. Vyote ni vitu vinavyoonekana juu ya mwili wa mtu, na mwili uliokamatwa kwanza ulikuwa wa mwanamke. Kosa lilitungwa kama sentensi ya kujirejea: amejichubua, amejivika. Aliyemuuzia hakutajwa.

Fasihi nayo haikuepuka kosa hilo. Katika Song of Lawino ya Okot p'Bitek, iliyotoka mwaka 1966 na kufasiriwa kwa Kiswahili na Paul Sozigwa kwa jina la Wimbo wa Lawino mwaka 1975, Lawino anamdhihaki mke mwenziwe, Clementine, kwa poda, kwa rangi ya midomo na kwa uso ulioharibiwa na dawa. Dhihaka hiyo ni kali, na wahakiki wengi wameisifu kuwa ni utetezi wa utamaduni wa Kiafrika. Sifa hiyo haina budi kupunguzwa. Lawino anamwona Clementine, anamwona Ocol, hamwoni mfanyabiashara. Mwanamke mmoja anawekwa kizimbani na mwanamke mwingine, huku mwanamume waliyemgombania akiwa ndiye kipimo cha uzuri wa wote wawili. Mtu anaweza kumtetea Okot kwa kusema kwamba Lawino ni mhusika mwenye mipaka yake, na kwamba mtunzi anafahamu mengi asiyoyafahamu mhusika wake. Utetezi huo una nguvu. Lakini vizazi vya wanafunzi vimefundishwa kumcheka Clementine, na ni wachache walioulizwa ni nani aliyemuuzia dawa ile.

Lugha ya mitaani imefuata njia hiyo hiyo. Neno kujichubua ni neno la kweli kuliko maneno yote ya matangazo, kwa kuwa kuchubua ni kubambua ngozi, na ndivyo inavyokuwa. Mkorogo nao, mchanganyiko wa mafuta na dawa unaokorogwa nyumbani au dukani, umepewa jina lisiloficha kitu. Umma umeukataa msamiati wa tangazo, ukaunda wake. Hata hivyo kiambishi -ji- kina gharama yake. Kinamfanya mwanamke kuwa mtenda na mtendwa, mkosaji na mwathiriwa, na kinaufunga mlango wa sentensi kabla muuzaji hajaingia. Tangazo limesema "krimu inakung'arisha". Mtaa umejibu "amejichubua". Majibizano hayo yamechukua miaka mingi, na mwenye faida amekaa kimya katika yote.

Mwanamke anayenunua si mjinga. Kama mpokezi wa ofisini, mtangazaji wa televisheni na bibi arusi huchaguliwa kwa rangi, basi anayenunua krimu ameusoma usomaji sahihi wa soko ambalo hakulianzisha. Kumcheka ni kumlaumu abiria kwa nauli.

Sheria na maneno

Madhara ya kiafya hayabishaniwi tena. Mwaka 1972 uchunguzi uliofanywa Nairobi ulionyesha kwamba zaidi ya nusu ya watu wazima waliochunguzwa kwa ugonjwa wa figo unaosababisha kuvimba mwili walikuwa wametumia krimu zenye zebaki. Mwaka 1975 madaktari wa ngozi wa Afrika ya Kusini walieleza jinsi haidrokwinoni ikitumiwa kwa muda mrefu inavyoweza kuleta mabaka meusi ya kibuluu usoni, yasiyoondoka kwa urahisi. Kejeli ya jambo hilo ni nzito: dawa iliyonunuliwa kuondoa weusi iliuleta weusi usioweza kufutwa.

Historia ya dawa zenyewe ina funzo kwa mwanalugha. Mwishoni mwa miaka ya 1930 wafanyakazi weusi wa kiwanda cha kutengeneza ngozi za wanyama huko Marekani walipotewa na rangi mikononi, na chanzo kikaonekana kuwa kemikali iliyokuwamo katika glavu zao za mpira. Kemikali hiyo ni ya ukoo mmoja na haidrokwinoni. Lililokuwa ajali ya kazini likageuzwa kuwa bidhaa. Kiswahili, ambacho huita kwa jina moja ngozi ya mtu na ngozi ya viatu, kinaisimulia historia hiyo kwa neno moja tu.

Serikali zimechukua hatua. Kenya, kwa kupitia Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa, ilipiga marufuku mwaka 1998 vipodozi vyenye zebaki, haidrokwinoni na dawa za homoni. Mkataba wa Minamata uliweka kikomo cha zebaki katika vipodozi, na mwaka 2023 nchi wanachama zilikubaliana kukiondoa kikomo hicho ili zebaki isiruhusiwe hata kidogo. Hatua hizo zimeokoa watu, ingawa bidhaa za magendo bado hupatikana. Lakini sheria za aina hii hupima kilichomo chupani. Kilichoandikwa juu ya chupa hakipimwi kwa mizani hiyo.

Nchi moja ilijaribu kukipima. Kanuni za Afrika ya Kusini za mwaka 1990, zilizotokana na juhudi za madaktari na za wanaharakati wa kupinga ubaguzi wa rangi, hazikuishia kwenye kemikali. Ziliyakataza pia matangazo ya vipodozi kudai kwamba bidhaa huchubua ngozi, hupunguza weusi wake au huifanya nyeupe. Hapo ndipo sheria ilipokiri kwamba neno nalo lina sumu yake. Lakini orodha ya maneno haramu ni kama uzio wa miti: kinachozuiwa ni mnyama asiyeweza kupenya. Neno la Kiingereza lenye maana ya kung'ara hupenya. Ng'ara ya Kiswahili hupenya kwa urahisi zaidi.

Jambo hilo lilidhihirika mwaka 2020. Baada ya maandamano ya kupinga ubaguzi yaliyoanzia Marekani, makampuni makubwa yalisema yatayaacha maneno ya weupe. L'Oréal ilitangaza kuyaondoa katika bidhaa zake; Johnson & Johnson iliacha kuuza baadhi ya bidhaa za aina hiyo; Unilever ililibadili jina la krimu iliyoanza kuuzwa India mwaka 1975, Fair & Lovely, likawa Glow & Lovely. Kwa Kiingereza, neno la weupe liliondoka na neno la mng'aro likachukua nafasi yake. Kwa Kiswahili mabadiliko hayo hayana uzito mkubwa, kwa sababu tangazo la Kiswahili lilikuwa likiusema weupe kwa neno la mng'aro tangu zamani. Toba iliyofanywa kwa lugha moja haikuwa na cha kufuta katika nyingine. Mwanaisimu anayejua hilo ana jambo la kusema ambalo daktari wa ngozi na mwanasheria hawawezi kulisema.

Nafsi ya kwanza

Haitoshi kuyatazama matangazo ya magazeti na redio tu. Sehemu kubwa ya biashara hii sasa hupitia katika simu. Mwanamke hujipiga picha, huonyesha uso wake wa jana na wa leo, na kusema nimetakata. Programu ya simu yenyewe yaweza kuifungua rangi ya picha kabla mwenyewe hajaitazama. Katika sentensi hiyo kauli ya kutendesha imetoweka, na kiima kimekuwa mimi. Tangazo limehama kutoka nafsi ya pili hadi nafsi ya kwanza, limekuwa ushuhuda wa dada kwa dada. Mara nyingi mshuhudiaji ndiye muuzaji, au amelipwa na muuzaji; basi muuzaji ameingia katika sentensi hatimaye, lakini ameingia akiwa amevaa nguo za mnunuzi.

Maandishi ya kuipinga hali hii yapo, na mashuhuri kuliko yote yamempitia Mkenya. Lupita Nyong'o, mshindi wa tuzo ya Oscar ya mwaka 2014, alieleza hadharani mwaka huo jinsi alivyokuwa akiomba utotoni aamke akiwa mweupe zaidi. Kitabu chake cha watoto, Sulwe, kilichotoka mwaka 2019 na ambacho kimefasiriwa pia kwa Kiswahili, kinamsimulia msichana aliye mweusi kuliko wote nyumbani kwao. Anajaribu kujifuta kwa kifutio, anajaribu vipodozi vya mama yake, anakula vyakula vyeupe, anaomba Mungu. Kisha nyota inamsimulia hadithi ya Usiku na Mchana, ndugu wawili wasioweza kukosana. Jina Sulwe kwa Kijaluo ni nyota, na hadithi hiyo inaurudishia weusi heshima iliyonyang'anywa na neno takata: usiku si uchafu wa mchana.

Sifa hiyo ni kubwa, na mzazi anayemsomea mwanawe kitabu hicho hapotezi wakati wake. Hata hivyo katika hadithi hii nayo kiima kimefichwa. Maradhi yako moyoni mwa msichana, na tiba iko moyoni mwake. Kifutio kimo, vipodozi vimo, duka halimo. Mwaka ule ule wa 2014 mwandishi mwenyewe alichaguliwa kuwa sura ya vipodozi vya Lancôme, ambayo ni mali ya L'Oréal. Hilo si kosa lake, na pengine wasichana wengi waliuona uso uliofanana na wao kwa mara ya kwanza pale. Linaonyesha tu jinsi soko linavyoweza kuikaribisha sura mpya bila ya kubadili sarufi yake. Uso umebadilika, chupa imebaki kuwa mtenda.

Hitimisho

Methali ya Kiswahili husema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa kawaida hutumiwa kumkanya msichana asijionyeshe. Ikirudishwa sokoni ilikotoka, inalihukumu tangazo lenyewe, kwa kuwa hakuna kinachojitembeza kuliko krimu. Kazi ya tangazo imekuwa kuigeuza methali hiyo, ili mwanamke ajione kuwa ndiye kibaya anayehitaji kutembezwa.

Kutokana na uchambuzi huu yapo mambo matatu yanayowahusu wanaofundisha Kiswahili. Kwanza, matangazo yaingizwe katika madarasa ya uhakiki pamoja na fasihi, na wanafunzi wafundishwe kuuliza swali moja kwa kila sentensi: nani anatenda? Zoezi la kuiandika upya sentensi ya tangazo kwa kukirudisha kiima chake lina manufaa. "Krimu hii hung'arisha ngozi yako" huwa: "Kampuni hii inakuuzia dawa inayoizuia ngozi yako isitengeneze rangi yake." Habari ni ile ile, lakini msomaji sasa anajua wa kuulizwa.

Pili, Wimbo wa Lawino na maandishi mengine ya aina yake yafundishwe bila ya kumfanya Clementine kuwa kichekesho. Anastahili kusomwa kama mteja.

Tatu, na hili ni zito zaidi, tangazo la Kiswahili haliandikwi na kampuni ya ng'ambo peke yake. Huandikwa au hufasiriwa na mtu anayekijua Kiswahili vizuri, na wengi wa watu hao wamepitia katika idara za lugha za vyuo vikuu vya Afrika ya Mashariki. Yupo mtu aliyekaa mezani akachagua takata, ambaye angeweza kuchagua neno jingine. Alifundishwa mnyambuliko wa vitenzi, alifundishwa visawe, alifaulu mtihani. Kama hakufundishwa kwamba kisawe kimoja chaweza kumwambia mtoto wa miaka minane kwamba uso wake ni mchafu, kasoro hiyo imo katika mtaala, na wenye mtaala wanajulikana kwa majina.